Simu ya Bibi Inasema Karibu

Simu ya mke wangu ilikuwa inafungua programu haraka kuliko simu za watu wote pale kliniki, na mimi nikawa natamba.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la korido, lile refu la mbao lililolegea mguu mmoja, mtu wa pembeni akiinuka wote mnayumba. Pembeni yetu alikaa Mwalimu. Huyu ni mwalimu mstaafu, mgonjwa mwenzake mke wangu, wamejuana kwenye mashine za figo miaka mingi, wanagombana kama watoto wa tumbo moja. Siku hiyo amekuja na binti yake, na binti anapambana na simu ya baba, anabonyeza, anapuliza, anabonyeza tena.

"Inakataa," binti akasema. "Tangu jana inakataa."

"Mwalimu," nikamwambia, "maisha yako yote umefelisha watoto wa watu, leo simu imekufelisha wewe. Ngoja nikuonyeshe za wenzako." Nikachukua simu ya mke wangu, nikabonyeza pale pa kuingilia, na hata sijamaliza kutoa kidole ikaandika: Karibu. Nafasi yako imethibitishwa. Na alama ya kijani juu yake.

"Sisi tuna mtu wetu ndani," mke wangu akasema, anahema, lakini anacheka.

Ilikuwa kweli, tulikuwa na mtu wetu. Ngoja nieleze vizuri.

Mke wangu figo zimemchoka. Daktari alitukalisha chini akatwambia figo ndizo zinazochuja maji na uchafu kwenye damu, zikigoma maji yanabaki humo humo mwilini, yanapanda, na yakifika kwenye mapafu mtu anazama akiwa amekaa kitandani kwake, mkavu. Hilo neno la kuzama mkavu lilinikaa. Kwa hiyo kila baada ya siku chache anakwenda kukaa kwenye kiti, anachomekwa mirija, mashine inamfanyia kazi ya figo. Akikosa kiti anavimba. Akikosa zaidi, mimi nabaki peke yangu, sina njia nyingine ya kulisema.

Zamani nafasi ya kiti unaandikiwa kwa kalamu. Baadaye ikajulikana kuna watu wanauziana viti, mgonjwa wa zamu anaachwa nje anaingizwa mwenye mkono mrefu. Wakubwa wakasema basi, kuanzia sasa kila mgonjwa athibitishe mwenyewe kwa simu yake, asiyethibitisha mashine haimfungukii. Wakafunga kliniki siku kadhaa kuhamia huo utaratibu mpya. Ndiyo maana siku hiyo korido nzima watu wamevimba, kila mtu amepitiliza siku yake ya mashine.

Sasa hiyo programu ya simu aliyeitengeneza ni mjukuu wetu. Yeye na mwenzake mmoja anaitwa Miwani, ambaye mimi nimemuona kwenye kioo cha kompyuta tu, sijui hata kama ana miguu. Mjukuu wetu tunamwita Vidole, maana vyake havijui kutulia. Anaishi kwetu, anafanyia kazi kwenye meza ya kulia chakula, sahani zetu tunazishika mapajani.

Miezi ile ya kutengeneza nilikuwa namuona anaingia kwenye programu, anatoka, anaingia, anatoka. Nikamuuliza, "Wewe umesahau nini humo ndani?"

"Najaribu mlango, babu." Akanielekeza. Mlango wa kweli uko kwenye seva ya kliniki, kompyuta kubwa inayowajua wagonjwa wote, na huwezi kushinda unaigongea siku nzima. Kwa hiyo ametengeneza mlinzi wa bandia, anakaa humu humu kwenye laptopu. "Nampelekea namba ya simu ya bibi, maana ndiyo ninayoijua kwa kichwa. Yeye anajibu, namjua huyu, apite. Halafu naangalia programu ikiambiwa apite inafanya nini. Ikifanya sawa, inatoka kijani."

Mimi ni fundi viatu, nikaelewa kwa njia yangu. Ni ule mguu wa mti. Unashona kiatu unakivalisha mguu wa mti, unatazama kimekaaje. Huwezi kumwita mteja kila ukipiga msumari.

Mke wangu alivyosikia namba yake ndiyo inayotumika, alivimba kichwa. "Mke mwenzangu," akamwambia mjukuu, maana ndivyo wanavyoitana, "basi mimi ndiye mgonjwa wa kwanza duniani kujulikana na mlinzi asiyekuwepo." Na programu ilipokamilika Vidole akamwekea bibi yake kwenye simu kwa mkono wake mwenyewe, kabla ya kliniki kuwatangazia watu. Akambusu paji la uso.

Basi turudi kwenye benchi. Jina la mke wangu haliitwi. Wanaitwa wengine, wanapita, mlango unafungwa. Nikaenda dirishani kwa dada wa mapokezi.

"Mzee, huyu bibi hayumo."

"Hayumo wapi? Amethibitisha jana, na leo asubuhi nimethibitisha tena kwa raha zangu tu. Ona."

Akaitazama simu, akatazama kompyuta yake, akarudi kwenye simu. "Simu yenu inasema yumo. Kwangu hayumo. Kwangu hata namba yake haijawahi kufika. Kiti chake amepewa mtu mwingine, mzee, na ameshachomekwa."

"Muandike kwa kalamu."

"Ningekuwa na uwezo ningemuandika kwa damu yangu. Mashine haifunguki bila yeye kuthibitisha. Ngoja niwaulizie tena hospitali kubwa."

Hospitali kubwa alikuwa ameshaipigia kwa ajili ya wengine. Mbele yangu akaipigia tena. Wamejaa mpaka keshokutwa.

Nikageuka kumtazama mke wangu pale kwenye benchi. Alikuwa amejishika magoti, ameinama mbele, maana akiegemea nyuma pumzi haiji. Viatu alivyovaa nilimshonea mimi, ngozi laini, nilimpimia siku mguu ukiwa umevimba ili visimbane. Siku hiyo nyama ya mguu ilikuwa imemwagika juu ya ukingo wa kiatu kama unga wa mkate.

Nikampigia Vidole. Akaja mbio, laptopu kwenye mkoba, nywele hajachana, na kwanza akaanza kumgombeza dada wa mapokezi, kwamba hajui kutafuta jina. Dada wa watu akamgeuzia kompyuta atafute mwenyewe. Akatafuta mara tatu, hayumo.

Halafu akachukua simu ya bibi akafanya kitu ambacho sikukielewa. Akazima intaneti. Akazima na laini, simu ikabaki kama kipande cha bati. Akabonyeza pa kuingilia.

Karibu. Nafasi yako imethibitishwa. Kijani.

Nilimuona mtoto anavyobadilika rangi. Akakaa chini pale pale kwenye sakafu ya korido, simu mkononi.

"Babu," akasema, "nimemuua bibi."

"Usiseme hivyo mbele yake."

"Hii ni ile ya majaribio. Nilimwekea ya majaribio. Mlinzi wa bandia yumo humu ndani ya simu yake. Siku zote hizi bibi anathibitisha, na anayemjibu ni yule wa bandia niliyemtengeneza mimi. Hakuna kilichotoka nje ya hii simu hata mara moja."

Mke wangu alisikia yote. Akasema polepole, neno kwa pumzi, "Ndiyo maana... alikuwa na adabu sana."

Nikasema haya, kosa tumelijua, weka ile ya kweli tuthibitishe twende. Nesi wa mashine alikuwa ametoka mlangoni wakati huo na akasema kuna kiti kimoja kwenye zamu ya mwisho, mwenyewe amelazwa kwingine. Atakayethibitisha kwanza, kiti ni chake. Zamu inaanza saa tisa, na ikishaanza haingii mtu. Akatutazama sote pale korido, akarudi ndani haraka, nadhani hakutaka tumuone uso.

Vidole akafuta ile ya bandia, akaweka ya kweli, ile ile wanayopambana nayo wenzetu. Ikaomba namba ya siri. Tukasubiri meseji. Meseji ikaingia, akaiandika. Ikasema: Namba hii imepitwa na wakati. Ikaja nyingine. Akaandika. Imepitwa na wakati. Nyingine. Imepitwa na wakati.

"Umeona?" binti wa Mwalimu akasema kwa uchungu. "Ndiyo hiyo. Tangu jana. Nilidhani ni ujinga wangu."

Vidole akampigia Miwani, akaweka sauti kubwa, akafungua laptopu mapajani. Walikuwa wanaongea maneno yao, lakini ukisikiliza kwa kukata tamaa unaelewa mengi. Kumbe programu inaomba namba ya siri halafu inasubiri kidogo tu. Ikiona kimya inadhani ombi limepotea, inaomba nyingine. Ile nyingine inaiua ya kwanza. Ile ya kwanza inapokufikia imeshakuwa maiti, unaandika maiti. Na seva imezidiwa, wagonjwa wote wanaigongea kwa pamoja, na programu yenyewe ndiyo inawafanya wagonge zaidi.

"Lakini majaribio yetu yote yalipita!" Miwani akapiga kelele kwenye simu. "Yote kijani!"

"Yalipita kwa sababu mlinzi wetu anajibu papo hapo," Vidole akasema. "Hajawahi kuchelewa. Hajawahi kununa. Hatukumfundisha kununa."

"Basi ongeza muda wa kusubiri, tutoe sasa hivi."

"Kiasi gani? Na ikigonga mara ya pili kwa njia nyingine? Ngoja. Kwanza namfundisha wa bandia achelewe. Nataka nione inashindwa hapa kwangu."

Mimi nikashindwa kuvumilia. "Mjukuu wangu, unataka ishindwe tena? Mbona imeshindwa vya kutosha? Bibi yako hana muda wa kuchezewa."

Hakuinua kichwa. "Babu, nikikisia nikakosea, hatuna mara ya pili. Nishikie hizi simu."

Nikashika zote mbili, ya bibi yake na ya kwake, Miwani anahema humo. Vidole akaandika. Mkono mmoja wa mke wangu ulikuwa begani kwake, sijui alikuwa anamtuliza au anajiegemeza. Pete yake ilikuwa imezama kwenye kidole, haionekani vizuri. Saa ya ukutani pale mapokezi ina mshale unaoruka, nikajikataza kuitazama, nikaitazama.

Kwenye laptopu ikatoka mistari myekundu. Vidole akasema, "Ndiyo hiyo. Hiyo hiyo." Kama mtu aliyemkuta mwizi nyumbani mwake na anamjua kwa jina.

Akarekebisha. Nyekundu. Akatukana tusi ambalo sikujua analijua. Miwani akamwambia kitu kuhusu ombi la zamani kutofutwa, akamjibu, "Nyamaza, naona." Akarekebisha tena. Nusu kijani, nusu nyekundu. Mwalimu pale benchi alianza kukohoa kikohozi cha maji, binti yake anampapasa mgongo, benchi zima linayumba na kile kikohozi.

Kijani.

"Miwani, tuma kwa watu wote. Itachukua muda gani kuwafikia?"

"Si chini ya jioni. Mpaka waikubali wale wa duka la programu."

"Basi mimi naiweka hapa kwa waya."

Alikuwa na waya mmoja. Akanyoosha mkono kuchukua simu ya bibi kutoka kwangu, na hapo ndipo binti wa Mwalimu alipoinuka.

"Na baba yangu?"

Hakusema kwa ukali. Alikuwa ameshika simu ya baba yake kwa mikono miwili. Waya mmoja, kiti kimoja. Vidole akanitazama mimi, yaani mtu mzima mwenye kazi yake, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani akiwa amevunja kitu.

"Mwekee bibi yako," nikasema.

Mwalimu alinisikia. Alikuwa amekaa karibu kuliko hata mke wangu. Akatazama ukutani.

Vidole akachomeka simu ya bibi. Programu ikaingia. Akaweka namba, akabonyeza, na kile kigurudumu kikaanza kuzunguka. Safari hii hapakuwa na Karibu ya haraka. Kilizunguka. Mke wangu akafumba macho. Kilizunguka mpaka nikataka kuigonga ile simu kwa kiganja kama redio. Meseji ikaingia, Vidole akaandika ile namba, akakosea tarakimu moja, akafuta, akaandika tena. Kigurudumu.

"Yupo!" dada wa mapokezi akapiga kelele kutoka dirishani. Hata simu yetu ilikuwa bado haijasema. "Yupo! Bibi yupo kwangu! Sista, yupo!"

Nesi akaja na kiti cha magurudumu. Tukamuinua mke wangu, akakaa, na mimi nikawa nashukuru kwa sauti, sijui namshukuru nani, nadhani hata kigurudumu nilikishukuru. Nesi akaanza kusukuma.

"Simama," mke wangu akasema.

"Bibi, muda."

"Na Mwalimu?"

"Hakuna kiti kingine, bibi. Ningekuwa nacho ningempa."

"Nikatie," akasema. Nesi hakuelewa. "Muda wangu. Nikatie katikati. Unaobaki mpe yeye."

"Wewe mwanamke," nikamwambia, "hebu nyamaza usukumwe."

"Wewe ndiye unyamaze. Umeshasema lako leo."

Nesi akatikisa kichwa. "Bibi, huo muda wote mzima wenyewe haukutoshi. Una maji mengi. Nikikukata katikati utatoka bado umevimba."

"Nitatoka nimevimba. Yeye je, atatoka?"

Mwalimu, na hicho kikohozi chake, akasema, "Sitaki mabaki ya huyu mama. Miaka yote ananiibia kiti cha dirishani."

"Chukua mabaki, wewe mzee mkaidi," mke wangu akamwambia. "Marahaba hujanipa, asante hutanipa, chukua tu."

Nesi akampigia daktari. Alikaa na simu sikioni muda, anasema ndiyo, anasema najua daktari, anasema wote wawili. Akakata. "Amekubali. Nusu kwa nusu. Lakini mzee naye athibitishe, bila hivyo mashine haitamfungukia." Vidole alikuwa ameshauchomoa waya kwenye simu ya bibi na binti wa Mwalimu ameshapiga magoti pale sakafuni pembeni yake, vichwa vyao vimegusana juu ya laptopu.

Waliniruhusu kukaa ndani. Mirija ikachomekwa, mashine ikaanza kunguruma, nikamvua mke wangu viatu. Alama za mshono wangu zilikuwa zimechapwa kwenye ngozi ya mguu wake. Nikazisugua kwa kidole gumba, hazikutoka.

Baadaye Vidole akaingia, akasimama miguuni pa kiti, hakusogea.

"Njoo, mke mwenzangu."

"Bibi, mimi naacha hii kazi."

"Uache nani aifanye? Huyo Miwani asiyekuwa na miguu?"

Mtoto akaanza kulia. Alisema alitaka bibi awe wa kwanza, ndiyo maana alimwekea mapema, angengoja na watu wengine haya yasingetokea. Mke wangu akamshika mkono kwa ule mkono usiokuwa na sindano. Hakumwambia si kosa lako. Mke wangu hanaga maneno ya hivyo. Alimwambia, "Huko nje wamebaki wangapi wanaoandika namba zilizokufa?"

"Wengi."

"Na wewe una waya."

Akajifuta uso kwa kiwiko akatoka. Kupitia kioo cha mlango nikamuona amekaa chini, miguu imenyooka, na watu wamepanga mstari mbele yake na simu zao mikononi, mpaka dada wa mapokezi ametoka dirishani kuja kuwapanga vizuri.

Nesi alikuja kumkata mke wangu katikati kama walivyosema. Alikuwa anapumua, naweza kusema hivyo. Aliweza kuegemea nyuma. Lakini miguu ilikuwa bado, na nilijaribu kumvalisha viatu, kimoja kikaingia nusu, kingine kikakataa kabisa, nikavibeba mkononi. Mlangoni tulipishana na Mwalimu anasukumwa kuingia. Hawakusalimiana. Yeye alimtazama tu, akaweka mkono kifuani, mke wangu akampungia kama anafukuza nzi.

"Kesho lazima arudi," nesi akaniambia pembeni, kwa sauti ya chini. "Lazima, mzee. Hii ya leo ni ya kumvusha usiku tu. Hakikisheni kesho yumo, na mapema, viti ni vichache na wote mnavitaka."

Tukakaa kwenye lile benchi. Mstari ulikuwa umepungua. Nikampa Vidole simu ya bibi yake, akaingia, akachagua kesho, akabonyeza kuthibitisha.

Kigurudumu kikaanza kuzunguka.

"Ni ya kweli hii?" mke wangu akauliza.

"Ni ya kweli, bibi."

"Mbona kimya?"

"Mlinzi wa kweli anatafuta kama kuna nafasi."

Tukakiinamia watatu, mimi na viatu mkononi, hakuna aliyethubutu kuigusa simu.